Mnanisikia Huko Nyuma?

Nyaramba,
3 Februari 2025

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo Beverlyne,

Usishtuke kuona karatasi. Sijafa, sijarogwa, na simu yangu haijaibiwa. Nimeizima mwenyewe nikaifukia ndani ya debe la wimbi, na huko itakaa. Barua hii anakuletea Nyamusi wa ndizi, ambaye huja Daraja Mbili kila siku ya soko. Mpe jibu aondoke. Usimpe chai, atakaa hadi jioni akikusimulia magoti yake.

Sasa habari. Ile spika yako kubwa uliyoiacha hapa siku ya mazishi ya nyanya yako, gari lako liliponasa matopeni, iko salama sebuleni pamoja na kile kiboksi chenye antena mbili. Nimeifunika kwa kitambaa cha kochi na majirani wanadhani nimenunua friji. Usije kuichukua. Najua una kazi ya vyombo kwenye harusi huko Sironga. Nenda na nyingine.

Sababu ni kwamba nyanya yako anaongea ndani yake.

Cheka kwanza, nakungoja.

Umemaliza? Ulilalamika siku ile kwamba maiki moja imepotea, ile ndogo ya kubana kwenye koti la pasta. Haikupotea. Pasta alipomaliza kuwaambia watu kwamba Kwamboka alikuwa mama mkimya (mkimya! Kwamboka wangu!), aliibandua akaiacha mezani. Nilipoinama kumuaga mke wangu, ninyi nyote mlidhani nalia. Nilikuwa naifunga maiki kwa kitambaa changu cha jasho, kile chekundu, na kuitia kiganjani mwake. Si unakumbuka alivyokuwa akisema? "Siku nikifa mtanisema kwa spika tangu asubuhi mpaka saa kumi, mashemeji wote watapanda, hata wasionijua, na mimi peke yangu ndiye nitakosa nafasi ya kujibu." Basi nikampa nafasi. Ulikuwa mzaha wangu wa mwisho kwake, na nilijua angeucheka.

Sasa kila asubuhi, wachuma majani ya chai wanaposhuka na vikapu, spika inagonga. Tatu. Kisha inapuliza: fuu. Mwenyewe unajua ni nani aliyekuwa akipima maiki hivyo.

Nikiwasha simu karibu nayo inanguruma dididi-dididi, naye ananyamaza kama mtu aliyekatizwa. Ndiyo maana ya karatasi.

Sokoro wako,
Makori


Nyanchwa,
6 Februari 2025

Sokoro,

Umezika maiki yangu, babu! Nimesoma barua yako hapa stoo nikacheka mpaka nikakaa juu ya waya, halafu nikalia kidogo. Na Nyamusi nimempa chai. Magoti yake nayajua yote mawili.

Naam, najua aliyekuwa akipima maiki hivyo. Miaka yote niliyowawekea vyombo akina mama wa Dorkasi kanisani nilimwomba, "Nyanya, usiigonge, utaiua." Naye akagonga tatu, akapuliza, kisha akauliza, "Mnanisikia huko nyuma?" Kanisa zima lilijua huko nyuma alikuwa nani. Wewe, benchi la mwisho, kofia usoni, umelala.

Lakini nisikilize mimi ninayekula kwa kazi hii. Maiki hiyo huchukua sauti ikaigeuza mawimbi ya redio, ikayarusha hewani, na kile kiboksi chenye antena huyadaka. Mawimbi hayo ni manyonge. Hata umati wa watu huyapunguza, sembuse udongo mbichi na saruji juu yake. Tena maiki hula betri. Zile mbili nilizoweka asubuhi zilikufa jioni hiyohiyo, nakuapia.

Unachosikia ni mtu mwingine. Maiki hizi za bei ya chini hutengenezwa nyingi zikiwa na masafa yaleyale. Kuna mhubiri hapo sokoni Nyaramba aliyenunua kama yangu, mimi ndiye niliyempeleka dukani. Anapima maiki yake asubuhi, wewe unaipata sebuleni. Zing'oe zile antena mbili, utaona kimya.

Kula vizuri. Na toa simu kwenye wimbi.

Beverlyne


Nyaramba,
10 Februari 2025

Mke wangu mdogo,

Nilimfuata mhubiri wako. Ameenda ukweni kwake tangu mwezi uliopita, na maiki yake imefungiwa dukani kwa mshonaji. Nilimwomba mshonaji anionyeshe. Ipo ndani ya soksi. Labda soksi ndiyo inahubiri.

Antena nimeziondoa. Moja najikunia mgongo, inafaa sana, kazi yako ina manufaa kumbe. Kesho yake asubuhi: ko, ko, ko. Fuu.

Nikaketi mbele yake nikamsalimia. Hakujibu. Nikamwambia mchicha wake nimewapa kuku. Ko, ko, ko, upesi, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Beverlyne, kugonga kwake hakunitishi, nimegongewa vitu na mwanamke huyu tangu ujana wangu. Kinachonitisha ni kile kinachofuata baada ya kupuliza. Kinafuata kimya, lakini si kimya cha kitu kilichozimwa. Ni kimya cha mtu aliyevuta pumzi tayari kusema neno, kisha neno likakosa njia ya kutokea. Kinakaa hivyo hadi jua lifike mlangoni. Mimi nangoja naye. Chai yangu inapoa na yake inapoa.

Ndiyo, namwekea kikombe. Usianze.

Ubaya ni kwamba Mose, baba yako mkubwa, alikuja Sabato na wazee wa kanisa wenzake, wakanikuta hivyo, vikombe viwili na mimi nimeegemeza sikio kwenye kitambaa cha kochi. Wakaomba kwa muda mrefu mno. Mmoja aliombea friji.

Baba yako mkubwa hakupenda. Alitoka na uso ule wake wa kazini, wa kukagua choo cha shule.

Sokoro wako,
Makori


Nyanchwa,
16 Februari 2025

Mwanangu Beverlyne,

Bwana asifiwe. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nataka uyasome maneno haya mara mbili.

Baba hayuko sawa. Tangu tumzike mama anaishi mbele ya spika yako. Amezima simu, hapokei watu, na aliniomba nisimame kando ya kitu hicho nimsalimie mama yangu. Nilisimama ili nisimwaibishe mbele ya wazee. Sikusikia kitu.

Nimeamua. Mwisho wa mwezi huu namleta kwangu hapa Nyanchwa na nyumba ya Nyaramba tutaifunga. Najua atakataa, nitamleta hivyohivyo. Kuna njia moja tu ya kubadilisha neno hili: uende uchukue vyombo vyako vyote, na tuone kama akili zitamrudia akiwa nyumbani kwake. Ulivileta wewe. Viondoe wewe.

Baba yako mkubwa,
Mose Makori


Nyanchwa,
18 Februari 2025

Sokoro,

Baba mkubwa ameniandikia. Anataka kukuhamishia kwake mwisho wa mwezi na kuifunga nyumba yako. Anasema nikiichukua spika ataiacha nyumba wazi nawe ukae. Sitaki kukuficha.

Kwa hiyo nakuomba uniambie kweli, kama mke wako mdogo. Unatuchezea? Nakujua. Wewe ndiye uliyemwambia daktari wa mifugo kwamba ng'ombe wako anakohoa kwa Kiswahili. Kama ni mzaha sema sasa, nitacheka na wewe, tutamaliza.

Kama si mzaha, fanya kitu kimoja. Spika na maiki ni kitu kilekile kilichogeuzwa. Ndani yake kuna sumaku na waya uliozungushwa, na mbele kuna karatasi ngumu iliyofinyangwa kama sahani. Umeme ukipita, karatasi inasukuma hewa, nawe unasikia. Lakini hewa nayo ikiisukuma karatasi, inatikisika vilevile. Spika ina sikio kama ilivyo na mdomo. Na boksi lake ni tupu, kama lile bakuli la obokano, zeze letu kubwa: kitu kidogo kikiligusa, uvungu unakikuza. Malori ya majani chai yanapita barabarani asubuhi. Sakafu inatetemeka. Huenda boksi linatetemeka nayo.

Ilaze spika chali juu ya godoro, isiguse sakafu. Nyunyiza punje za wimbi kwenye ile karatasi. Wimbi haidanganyi wala haimkumbuki mtu. Niambie itakavyofanya.

Beverlyne


Nyaramba,
21 Februari 2025

Beverlyne,

Sioni haja ya kukuita mke leo.

Nimefanya. Nimemwomba Nyamusi ashike upande mmoja, tumeilaza juu ya godoro la kitanda chetu, upande aliokuwa akilala yeye, kwa sababu wangu umebonyea. Nyamusi akaondoka na ndizi zake. Nikanyunyiza wimbi kama mtu anayepanda kitalu. Nikakaa kwenye kiti karibu na mlango.

Lori lilipita. Wimbi ikatulia. Lori la pili likapita. Ikatulia. Wachuma majani wakashuka wakicheka. Kisha wimbi ikaruka. Ikatua. Ikaruka. Ikatua. Ikaruka. Mimi nikasimama, mgongo ukiniuma. Halafu ile fuu, na punje zote zikakimbilia ukingoni, zikapanga duara safi, katikati pakabaki peupe kama mahali ulipopuliza vumbi kwenye meza ili uweke Biblia.

Upepo ule ulitoka chini, binti. Juu hapakuwa na mtu wa kupuliza.

Sikudanganyi, na naona aibu kusema hivyo. Kwa umri wangu sijazoea.

Mwambie Mose nitakuja Nyanchwa siku atakayonibeba kama mzigo wa ndizi. Maisha yote mwanamke yule aliuliza swali moja kila Sabato, na mimi kule nyuma sikumjibu hata siku moja. Nilijifanya nimelala ili watu wacheke. Sasa anauliza tena. Mkiifunga nyumba hii, nani atakuwa amekaa huko nyuma?

Njoo uone mwenyewe.

Makori


Nyanchwa,
25 Februari 2025

Sokoro,

Nimeondoka kwako bila kukuaga kwa heshima, na nimeondoka na spika. Nakuandikia vyote viwili, sababu na ombi la msamaha.

Nilipoingia nilitaka kwanza kuizima kwenye soketi. Nikabonyeza swichi. Nikabonyeza ya taa. Ndipo nikaona koroboi mezani na masizi ukutani. Wewe ulikuwa jikoni unanichekea kimyakimya. Sokoro, nyumba yako haina stima! Transfoma iliungua kabla ya mazishi, kijiji kizima kinajua. Siku ile nilikuja na jenereta yangu kama kawaida, sikuuliza. Nikakaa huku nakuandikia habari za betri na masafa na antena, na kumbe kile kiboksi hakijawahi kuwaka tangu nilipoondoka. Hata ile dididi ya simu haiwezi kutoka kwenye spika isiyo na moto. Haiwezi.

Ukasema, "Hukuuliza. Nilidhani ninyi watu wa vyombo mna njia yenu."

Nikakata kila waya. Nikaiacha boksi tupu, mbao na karatasi na sumaku. Nikanyunyiza wimbi mimi. Wewe uliona nilivyokaa. Iliporuka mara ya kwanza nilijiambia ni mapigo ya moyo wangu, yanapita kwenye magoti mpaka godoroni. Nikaushika moyo. Iliruka ya pili na ya tatu. Mkono wangu ulikuwa umesogea juu ya karatasi, kama tunavyofanya tukipima spika iliyokufa, na ile fuu ikanipata kiganjani.

Hili sikukuambia pale. Ilikuwa na joto, Sokoro. Joto na unyevu.

Nimetafuta chanzo. Maji chini ya nyumba, upepo kwenye mabati, mtetemeko wa kiwanda cha chai. Kila kimoja kinaeleza kidogo, na joto hakuna kinacholieleza.

Nimeileta huku kwa sababu nilimwahidi Baba mkubwa, na kwa sababu sitaki ufungiwe nyumba. Na kwa sababu niliogopa. Nimeiweka mwisho wa stoo, uso ukutani.

Nisamehe.

Beverlyne


Nyaramba,
28 Februari 2025

Beverlyne,

Nyumba imekuwa kubwa.

Nimetoa simu kwenye wimbi nikaipeleka sokoni ikatiwa moto. Waliopiga ni wa kuniambia nimeshinda zawadi. Sikufagia zile punje sakafuni.

Asubuhi naketi palepale. Wachuma majani wanashuka. Hakuna anayenigongea. Mwambie Mose akili zimerudi, ameshinda, naweza kuhesabu kuku na kutaja siku za juma. Kaburi nalo nimekwenda kukaa kando yake. Limenyamaza vizuri, kama saruji.

Usiigeuzie ukutani. Hapendi kuongea na ukuta. Aliolewa na mimi, amechoka na kuta.

M.


Nyanchwa,
4 Machi 2025

Sokoro,

Nakuandikia kwa haraka, Nyamusi amesimama hapa anangoja, hata chai ameikataa.

Tangu niilete ilikuwa kimya, nikaanza kupumua. Leo asubuhi Baba mkubwa alipita kabla ya kazi, kuhakikisha kwa macho yake kwamba vyombo viko kwangu na si kwako. Nikamfungulia stoo. Unaijua stoo yangu: spika zimepangwa toka sakafuni hadi darini, hakuna hata moja iliyochomekwa. Akasema, "Ni ipi?" Nikamwonyesha ile iliyogeukia ukuta. Nilikumbuka barua yako nikaigeuza.

Zikagonga zote.

Najua spika moja inaweza kuamsha nyingine. Uvungu wa kimo kimoja husikia mwenzake, piga ngoma moja uone ya pili itakavyonong'ona. Ninajua. Lakini Sokoro, ziligonga pamoja, kubwa kwa ndogo, hata zile zilizopasuka ninazongoja kutengeneza. Tatu. Kisha zikapuliza, na vumbi la rafu zote likatufuata usoni.

Baba mkubwa alivua kofia. Halafu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mzee wa kanisa, "Tuko hapa, mama. Baba ndiye yuko mbali." Na baadaye, tukiwa nje, "Hata siku ile kwa baba nilisikia. Niliandika kwamba sikusikia."

Aliniambia nisikuandikie kwamba alilia, basi siandiki.

Ameiinua peke yake, hakutaka tumsaidie. Inakuja kwako leo kwa gari lake, na barua hii huenda ikachelewa nyuma yake.

Beverlyne


Nyaramba,
6 Machi 2025

Mke wangu mdogo,

Imefika. Mose aliiweka kiti cha mbele akaifunga mkanda. Ameendesha polepole kama bwana harusi na hakufungulia redio. Nilimuuliza kwa nini akasema mama hutapika njiani, nimesahau? Habari za kunihamisha hajazitaja. Amelala hapa siku mbili, kazini amewaambia anaumwa. Ndio uongo wake wa pili, nimejivunia.

Tuliiweka mahali pake tukaifunika. Jana asubuhi tukakaa, vikombe vitatu. Wachuma majani wakashuka, jua likafika mlangoni, hakugonga. Mose akaniangalia. Nikamwambia labda amechoka na safari.

Leo vilevile, kimya. Lakini kimya kile cha kuvuta pumzi nacho hakikuwepo. Nikaenda kuvuta kitambaa cha kochi nione kama boksi limeharibika.

Juu yake kulikuwa na kitambaa changu cha jasho. Kile chekundu. Fundo ni langu, nafunga kwa mkono wa kushoto, hakuna mwingine anayefunga hivyo. Kilikuwa kimelowa udongo mbichi, ule mwekundu wa chini kabisa, si huu wa juu wa shambani. Ndani yake, maiki yako.

Mose alinitazama kama wanavyonitazama wote kitu kikipotea au kikipatikana. Nikamwambia, mwanangu, safari hii si mimi. Akatoka mbio akazunguka nyumba. Alikaa huko sana. Aliporudi alikuwa ameshika kofia. Saruji haina ufa, amesema. Amepitisha kidole pande zote. Hata yale maua ya plastiki mliyoweka hayajasogea.

Sasa nikueleze kitu ambacho hukuniuliza, kama ile stima. Barua zako huwa nazisoma kwa sauti, nikiwa mbele ya spika. Yeye hakwenda shule zaidi yangu lakini alikuwa mwepesi kuelewa. Aliisikia ile uliyosema betri zilikufa jioni hiyohiyo.

Maiki nzima haina mkwaruzo. Ila kale kamfuniko ka nyuma kamefunguliwa, na ndani pametolewa zile betri mbili za zamani, pako tupu, pamepanguswa safi.

Nyamusi anangoja. Mpe betri mpya aje nazo leo hii, na umpe chai baadaye. Tumekwisha kukaa huko nyuma, mimi na Mose, na kofia zetu tumezivua.

Sokoro wako,
Makori